Dungu Bila Moto

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na kumbukumbu moja tu ya mama yangu mzazi. Hakuwahi kupigwa picha. Mpiga picha wa karibu alikuwa Mpanda mjini, na siku zile mtu wa kijijini kwetu Mamba akienda Mpanda aliaga majirani kwanza. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, labda mitano. Sura yake siikumbuki. Nilichokuwa nacho mimi ni mgongo.

Kumbukumbu yenyewe ilikuwa hivi. Ni usiku, mwezi mpevu. Nimebebwa mgongoni kwa kanga, shavu langu limelala katikati ya mabega ya mama. Tunatoka shambani kurudi nyumbani, tunapita juu ya kingo za majaruba, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta, na mpunga umeinama huku na huku. Nikigeuza kichwa naliona dungu letu, kichanja kirefu cha miti minne anachokalia mlinzi wa shamba usiku, na ngazi yake upande wa mto. Mama ameshika debe mkononi. Bonde zima kimya. Na mama anaimba. Hafungui mdomo, anaimba kwa ndani tu, nami wimbo nausikia kwa shavu, mgongo unavyotetema. Basi, inaishia hapo.

Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu. Shuleni nikichapwa, au nikiugua homa, nilikuwa nafumba macho narudi kwenye mgongo ule. Sikumsimulia mtu yeyote. Niliogopa kwamba nikiisema sana itaisha.

Baada ya matanga na mwaka kupita, baba alimwoa mdogo wake mama. Kwetu hilo halikuwa jambo la kushangaza. Ukoo wa mke ukitoa binti mwingine, watoto hawaletewi mama wa kambo. Wanabaki na mama yao mdogo, ambaye tangu mwanzo alikuwa mama yao. Watu wazima waliona ni busara. Mimi sikuona busara yoyote. Niliona binti wa miaka kumi na saba, mkimya, mwenye mikono isiyotulia, ameingia kwenye nyumba ya mtu na kuanza kutumia sufuria zake.

Sitasema alinitesa, nitakuwa nimesema uongo. Alinipikia, akanifulia, akaninyoa chawa walipozidi. Nilipofaulu kwenda sekondari, yeye ndiye aliyenishonea begi la turubai. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa marehemu. Wanawake wa jirani walipenda kuniambia, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," nami niliwachukia wote kwa zamu. Nilimwita mama mdogo kama ilivyonipasa, lakini sikuwahi kukaa naye jikoni zaidi ya muda wa kuchukua chakula changu.

Miaka ya tisini ilinikuta mwalimu wa shule ya msingi Mpanda mjini. Nilipanga chumba Majengo, kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua uani tangu alfajiri, hivyo nguo zangu zote zilinuka mafuta na wanafunzi walinipenda kwa hilo. Nilifundisha hesabu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka, nilipewa pia somo la sanaa.

Sanaa niliisomea kidogo chuoni. Kwenye kuchora mbuzi afanane na mbuzi nilikuwa wa mwisho darasani. Lakini tulikuwa na mkufunzi mmoja mwenye kitabu kilichochakaa cha picha za kisasa, kilichojaa nyumba zilizolala upande, watu wa kijani na miti isiyo na jani hata moja. Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa. Yeye akasema, "Mnachokiona, hata kamera inakiona. Nyie nichoreeni mnachokikumbuka." Sikucheka. Nilijua papo hapo ninachokikumbuka mimi, ila nilichukua miaka sita kupata ujasiri wa kukigusa.

Rangi ndiyo iliyoniponza, au ndiyo iliyoniokoa, sijui. Shule yetu ilikuwa imepakwa rangi upya, bluu chini na nyeupe juu, na makopo mawili ya bluu yalibaki stoo yakiwa nusu, pamoja na nyeupe kidogo. Mwalimu mkuu aliniambia nichukue kabla hayajaganda. Nyeusi niliipata kwenye betri kuukuu za redio, zile tulizokuwa tunazisaga na majani ya mhogo kupakia ubao. Kwa hiyo nilikuwa na bluu nyingi, nyeupe kidogo, na nyeusi ya betri. Nilipachora kwetu kwa rangi hizo hizo, nyuma ya mlango wa hadibodi wa kabati bovu la ofisi ya walimu.

Nilifanya kazi jioni, baada ya kusahihisha madaftari, nikiwa nimeegemeza ubao kwenye ukuta wa uani. Majaruba niliyafanya miraba ya bluu, kila mmoja na bluu yake, mingine nimeichanganya na nyeusi mpaka ikafanana na maji ya usiku. Mpunga niliuchora kwa mistari mifupi iliyoinama yote upande mmoja. Mwezi niliuweka mkubwa kupita kiasi, mweupe, bila mng'aro, kama sahani iliyotundikwa. Dungu lilikuwa mistari minne na mraba, na ngazi upande wa mto. Katikati, juu ya kingo, nilichora umbo moja jeusi lenye nundu, yaani mama na mimi, na mkononi mwake mraba mdogo mweupe, debe. Uso sikuuchora. Ningeutoa wapi?

Mama mwenye nyumba alikuja na mwiko wake mkononi, akatazama.

"Mwalimu, huko kwenu mvua ya bluu inanyesha?"

"Ni usiku, mama. Ni mbalamwezi."

"Sawa. Na huyu mbona ana kibiongo?"

"Amebeba mtoto."

"Maskini, na uso hana."

Nikamwambia hiyo ni sanaa ya kisasa. Akasema, kumbe ya kisasa haina uso, akarudi kwenye vitumbua vyake. Nilikasirika kwa siku mbili. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka na kupoa polepole, na hiyo si sifa njema kwa mwalimu.

Mpangaji mwenzetu mmoja, mwanamke aliyekuwa analeta dagaa kutoka Kapalamsenga, ndiye aliyeniponya. Alikaa mbele ya picha na ndoo yake ya maji, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Mwishowe akasema, "Inatuliza. Ukiitazama unasikia usingizi." Sikungoja sifa nyingine. Nikachukua nyeupe iliyobaki, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo jina la picha: Utulivu.

Sasa niseme ukweli kuhusu nia yangu, maana haikuwa nzuri. Sebuleni kwa baba, ukuta unaotazamana na mlango, mama mdogo alikuwa ametundika kalenda ya kanisa na kitambaa alichofuma mwenyewe, cha maua mekundu. Mtu yeyote akiingia anakutana nacho. Nilikuwa nataka ukuta ule. Nilitaka mama yangu arudi ndani ya nyumba yake, akae mahali ambapo mdogo wake atamwona kila akipita na chai, na baba amwone kila akiinua macho. Nilijiambia ni zawadi kwa baba. Haikuwa zawadi kwa baba.

Likizo ya Juni nilipanda lori lililokuwa linakwenda Majimoto kubeba mpunga. Picha niliifunga kwa kanga mbili na kamba ya katani, nikaikalisha mbele yangu juu ya magunia matupu. Tulipofika Sitalike kila abiria alikuwa ameshauliza kama ni kioo, na ndani ya hifadhi, mbung'o walipoanza kutuchapa, mzee mmoja aliniomba nimkinge nayo. Nikamkinga. Tulifika Majimoto usiku, nikalala kwa ndugu, na asubuhi nikapata baiskeli ya kunisogeza Mamba huku nimeishikilia picha kichwani kwa mkono mmoja.

Baba alikuwa barazani, anashona magunia. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na nyumba ilinuka pumba. Aliniona kwa mbali na hakuinuka, alingoja nifike.

"Mwalimu wetu kaja na mlango," alisema. "Mji umeharibika, siku hizi walimu wanaiba milango."

Hakuwa amekosea sana. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za magoti, nikaambiwa magoti yapo. Mama mdogo alitoka nyuma akijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea mikono yangu yote miwili, akasema nimekonda. Kila mara alisema nimekonda. Nikafungua kamba hapo hapo, sikuweza kungoja hata maji ya kunywa. Nikaisimamisha picha juu ya kigoda, nikaiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu.

Baba aliacha sindano ya magunia. Mama mdogo alisimama nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kwa swali la bluu, na hata kwa swali la uso. Kimya kile sikuwa nimejiandaa nacho. Kisha mama mdogo akageuka, akaenda jikoni. Nikajisemea moyoni, vizuri, imemchoma.

Kabla baba hajasema kitu aliingia jirani yetu, yule ambaye majaruba yake yanapakana na yetu. Alikuwa amesikia mwalimu kafika. Akatusalimia, macho yakaenda kwenye picha, akavua kofia.

"Poleni," alisema. Akangoja kidogo. "Hii ni ya msiba wa nani?"

Nilitaka kulia kwa hasira. Miezi mitatu ya kazi, safari ya siku mbili, mbung'o, halafu mtu ananipa pole. Nikamwambia hakuna msiba wowote, hiyo ni picha ya utulivu, na jina lake limeandikwa pale, asome. Jirani alimtazama baba. Baba akamwambia wataonana jioni. Akavaa kofia yake akaondoka, na mimi nikaanza kuhubiri. Nilisema kwamba watu wa huku hawajazoea sanaa, kwamba picha ya kisasa haisomwi kama barua, kwamba kule Mpanda watu wameiona na kusema inatuliza.

"Hao walioiona wanalima mpunga?" baba aliuliza.

"Mmoja anauza dagaa."

"Ndiyo. Sasa kaa chini." Nikakaa. "Huu mpunga umeiva?"

"Umeiva."

"Na huu ni mwezi mpevu. Wewe umepiga debe kwenye bonde lile tangu una miaka minane. Viboko wanapanda lini kutoka mtoni?"

"Mwezi mpevu," nilisema.

"Sasa niambie. Moto wa dungu uko wapi? Na huyu anakwenda wapi na debe?"

Nikaitazama picha. Nilihisi baridi kuanzia miguuni, juani pale.

Lazima nieleze kwa asiyelima kwetu. Bonde letu linapakana na hifadhi, na mpunga ukianza kuiva hakuna usiku wa kimya. Kila dungu lina moto juu ya udongo uliotandazwa, na kila mlinzi ana debe. Viboko wakipanda, mmoja anapiga, wa pili anaitikia, mpaka bonde zima linanguruma na watoto wanalala humo humo. Debe likishapanda kwenye dungu halishuki mpaka siku ya kuvuna. Isipokuwa jambo moja. Kitongojini kwetu, usiku wa msiba debe halipigwi. Mlinzi wa nyumba yenye msiba anazima moto, anashuka na debe lake ili asije mtu mwingine akalipiga kwa kutojua, na jirani zake wakiona dungu lile limezimika nao wananyamaza. Mpunga utakaoliwa usiku ule hauliliwi. Unaitwa fungu la marehemu.

Yote haya niliyajua. Ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilikuwa nimeyajua tangu utoto, nimepiga debe mpaka vidole vikafa ganzi, nimewahi kunyamaza kwa misiba ya wengine. Lakini kumbukumbu ile ya mgongo nilikuwa nimeiweka mbali na kila kitu ninachokijua, kama nguo ya sikukuu, na sikuwahi hata siku moja kuiuliza swali. Nilichora usiku wa msiba, ukakamilika kwa kila kitu, nikauandika jina Utulivu.

"Dungu lenye ngazi upande wa mto nilijenga mara moja tu," baba alisema. Alikuwa ameshika sindano tena lakini hashoni. "Lilikaa msimu mmoja, tembo wakaliangusha. Msimu huo tulifiwa mara moja. Mama yako alifia hospitali ya misheni, jua halijazama. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alikuwa amelazwa siku ya tatu."

"Lakini mimi nilikuwa shambani."

"Wewe ulikuwa shambani, ndiyo. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kukuangalia."

"Nani alinibeba?"

Aligeuza kichwa akatazama mlango wa jikoni, kisha akarudi kwenye gunia lake akaanza kushona, na nyuzi zake zilikwenda upande.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilikuwa nafanya hesabu, mimi mwalimu wa hesabu, nikitafuta namna nyingine ya kuipanga ili jibu liwe tofauti. Labda zilikuwa nyakati mbili na mimi nimezichanganya. Labda ngazi nimeikosea. Lakini mkono wangu ulikuwa umeichora ngazi bila kufikiri, na debe, na ule moto usiokuwepo. Picha ilikuwa na akili kuliko mimi.

Mama mdogo alikuwa jikoni, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Ulikuwa mchele mpya, wa kunipikia mimi. Nilikaa mlangoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza nakaa mle bila kuwa na sahani mkononi.

"Ulikuwa wewe," nilisema.

"Mjomba wako alikuja giza linaingia," alisema, macho kwenye ungo. "Mimi na wewe tulikuwa juu ya dungu tangu mchana. Nilikuwa nakuchomea mahindi. Akasimama chini, hakupanda. Akaniambia, zima moto, shuka na debe, na usimwambie mtoto. Basi. Nikaelewa. Akatangulia kwenda kuwaambia wengine, nikakufunga mgongoni, nikashuka. Ile ngazi ilikuwa mbaya, baba yako hajui kutengeneza ngazi."

"Nilikuuliza kitu?"

"Uliuliza mama anarudi lini. Nikakwambia kesho." Alitoa kijiwe, akakitupa nje. "Na kweli alirudishwa kesho yake."

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa na kitu kimoja kimebaki, na nilikishika kwa nguvu zote, kama mtoto aliyekatazwa kitu na bado kipo mkononi mwake.

"Ulikuwa unaimba," nilimwambia. "Kwa ndani. Nilikuwa nasikia kwa shavu, mgongo unatetema. Wimbo huo ninao mpaka leo."

Aliacha kuchambua. Akaniangalia, na ndipo nilipoona kwamba macho yake yalikuwa mekundu tangu alipotoka barazani, na kwamba haikuwa kwa sababu ya moshi.

"Sikuwa naimba, mwanangu," alisema.

Nililia, na kwanza nililia kwa hasira. Niliona nimeibiwa. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha mama, na mwanamke huyu huyu, aliyechukua sufuria na kitanda na ukuta, amekichukua na hicho. Nililia vile, na yeye hakunigusa, alinisubiri tu, ungo magotini. Halafu hasira ikanikimbia ghafla, maana nilianza kuiona njia ile kwa upande wake. Binti wa miaka kumi na sita. Dada yake amekufa, na ameambiwa asimwambie mtoto. Kingo za majaruba zinateleza. Na mgongoni kuna mtu mzito anayeuliza maswali, kwa hiyo analia huku amefunga mdomo, ili mtoto asishtuke. Mtoto akaona ni wimbo, akalala.

Na nani alimbeba yeye? Mwaka ulipopita tu wakampa mume wa marehemu na mtoto wa marehemu, na mtoto huyo alipopata akili kidogo akaanza kumnunia. Nikahesabu miaka niliyonuna. Nilikuwa nimekwenda kwenye mgongo wake kila nilipoumia, kisha nikiamka nakataa kukaa naye jikoni.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ungeuliza ningekwambia. Hukuwahi kuuliza." Hakulisema kwa kulaumu, na afadhali angelaumu. "Nilidhani hupendi kumsikia. Kila nikimtaja ulikuwa unatoka nje."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natoka nje. Nilidhani hana haki ya kumtaja.

Baba alikuja akasimama mlangoni akijifanya anatafuta kiberiti. Akasema picha ni nzuri, ameizoea sasa, ila angeomba jambo moja: niweke moto mdogo juu ya dungu, tone tu, ili wageni wasiwe wanatupa pole kila siku. Nilisema sina rangi nyekundu. Akasema kwa fundi baiskeli ipo.

"Usiweke," mama mdogo alisema, na hakuwa mtu wa kumkatalia baba mbele ya watu. "Usiku ule moto niliuzima mwenyewe. Niliumwagia uji wako."

Kwa hiyo haukuwekwa. Picha haikukaa sebuleni pia. Waliitundika chumbani kwao, upande wa dirisha, na kalenda ya kanisa na maua mekundu yakabaki pale pale yalipokuwa. Niliporudi Mpanda, mama mwenye nyumba aliniuliza kama wazee waliipenda. Nikasema waliisoma yote. Akashangaa, akaniambia kumbe kwetu ni watu wa kisasa.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile, baba alipokwenda na kiberiti chake, nilivuta mkeka nikakaa upande wa pili wa ungo na kuanza kuchambua. Nilikuwa na miaka karibu thelathini na sikuwa na mama hata kidogo, hata mgongo. Tulichambua. Mchele mpya una mawe mengi. Nikatafuta swali, na kwa jinsi nilivyokuwa sijui lolote, nikashika lililokuwa karibu.

"Yeye je? Mama. Alikuwa anaimba?"

"Dada?" Akacheka, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka vile, kwa kifua chote, mpaka mchele ukaruka kwenye ungo. "Dada alikuwa hajui kuimba kabisa. Kanisani sisi wadogo zake tulikuwa tunakaa naye pande zote mbili, tunamkanyaga miguu anyamaze."

"Alikuwa ananyamaza?"

"Wapi! Ukimkanyaga ndiyo anaongeza sauti."